Ana Mkono Mzito Kuliko Wote

Wadogo zangu wa kidato cha nne,

Mwalimu wenu wa Kiswahili alinipigia simu akaniomba nije darasani niwasimulie habari za kazi, maana mimi nimeshafanya kazi na nimeshaacha. Kwenye simu nilisema, "Sawa, mwalimu." Halafu nikakaa siku mbili natafuta kisingizio. Wengine mnanikumbuka: yule wa dirishani, akiulizwa swali anasimama yeye, jibu linabaki limekaa. Kwa hiyo naandika. Mwenye sauti kati yenu awasomee wenzake.

Nyumbani wananiita mstaafu. Nina miaka kumi na tisa, na kazi yangu ilidumu mwaka mmoja na miezi minne tu. Nilikuwa nachambua mchele kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Rujewa, bondeni Usangu, nilikokwenda kukaa kwa shangazi baada ya mtihani. Lakini daftari langu la kila siku limejaa mambo ya kule, na mengine nimeyarudia kuyasoma nikaona aibu. Ya aibu ndiyo nitakayowaandikia, ya sifa mtajitafutia wenyewe.

Kazi ilikuwa hivi. Mpunga ukitoka mashineni unakuwa mchele, ila bado una chuya, zile punje zilizokataa kuvuliwa maganda. Una chenga, punje zilizovunjika. Una mawe. Tulikuwa wanawake kumi na wanne kwenye kibanda cha mabati nyuma ya mashine, kila mtu na ungo wake na ndoo yake. Unapepeta, unachambua, unamimina. Ndoo ikijaa unaita "Ndoo!" inakuja kuchukuliwa, inamwagwa kwenye gunia.

Wiki yangu ya kwanza nilitumwa kuangalia kama mpunga ulioanikwa kwenye turubai umekauka. Nikauangalia. Nikasema umekauka. Ukaingia mashineni ukatoka chenga tupu, kama mtu kautwanga kwa hasira. Mwenye mashine akauliza nani aliyesema mpunga huu umekauka. Nikasikia masikio yanawaka. Kabla sijafungua mdomo, na sina hakika kama ningeufungua, mama mmoja akajibu bila kuinua kichwa, "Tulisema sisi, mzee. Tulikosea." Yakaisha.

Huyo ndiye Mama Yusta. Ni Mhehe, alikuja Usangu zamani akifuata mume, mume akafa, yeye akabaki na ungo. Asubuhi tulikuwa tunamsalimia "Kamwene" naye anaitikia kwa kuvuta mpaka anayepita barabarani anadhani naye kasalimiwa. Siku ile mchana alinipeleka kwenye turubai, akanitia punje moja mdomoni kama anampa mtoto dawa.

"Ng'ata."

Nikang'ata.

"Imeliaje?"

"Haijalia, mama. Imebonyea."

"Basi haijakauka. Ikikauka inalia *ka!* Macho yanakuonyesha juu tu, mwanangu. Uliza meno."

Yaandikeni hayo kwenye madaftari yenu, hayamo kwenye kitabu chochote nilichosoma. Na mkianika, msiuache mpunga juani siku nzima bila kuugeuza, utapasuka ndani kwa ndani na mtakula chenga vilevile.

Mama Yusta alikuwa na kitu ambacho pale kibandani kilikuwa na jina lake. Mawe ya Usangu mengine ni meupe, madogo, ukubwa wa punje. Jicho haliyaoni. Yeye alikuwa anapitisha kiganja juu ya mchele taratibu, na kiganja kinasimama. Hapo pana jiwe. Alisema punje inateleza, jiwe linakaa, na mkono mwepesi unapita juu ya jiwe bila kujua. Kwa hiyo pale kwetu, mchambuaji aliyekuwa hapitwi na kitu tulisema ana mkono mzito. Mgeni akija tunamwambia, "Kaa na Mama Yusta upate mkono mzito." Na kila tulipomaliza ndoo ambayo hatukuiamini, tulimpelekea aipitishie kiganja kabla haijaenda kwenye gunia. Alikuwa anaacha ya kwake anafanya ya mwenzake. Hakuna aliyehesabu.

Huko nyuma tathmini yetu ilikuwa ya yule mzee mwenye mashine. Alikuwa anapita jioni kabla hatujafunga, anazamisha mkono kwenye ndoo yako, anachota, anatazama, anasema "mh." Basi. Ila kulikuwa na mh mbili. Moja ilikuwa inapanda mwishoni, ukiipata hiyo unarudi nyumbani unatembea kama umevaa viatu vipya. Nyingine ilikuwa inashuka. Ukiipata inayoshuka hulali vizuri, kesho unawahi kufika. Suzana, jirani yangu wa mkeka, alikuwa anaigiza zote mbili mpaka tunashika mbavu.

Halafu mzee akaugua miguu, akaweka meneja.

Meneja alikuwa kijana wa Kihesa, Iringa mjini, mpole, shati limenyooka, amesomea mambo ya uongozi. Sitaki mumchukie kabla hamjamjua. Wiki ya kwanza alituletea chai ya saa nne, kitu ambacho hakikuwepo. Alituambia kwamba mfanyakazi asiyepimwa hawezi kukua. Akabandika ubao ukutani wenye majina yetu kumi na manne. Kila mwisho wa mwezi tungepangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kwa hesabu ya ndoo. Na kila jina lingekuwa na maoni, maneno yasiyozidi matano, kwa sababu kisanduku cha fomu kilikuwa kidogo.

Akauliza nani ana mwandiko mzuri. Wakanisukuma mimi. "Huyu Atu anaandika hata akila," alisema Suzana. Nikapewa kalamu ya risasi na fomu: nihesabu ndoo za kila mtu, zangu zikiwemo, na niandike yale maneno matano.

Nitasema ukweli. Mwezi wa kwanza nilifurahi. Sote tulifurahi. Suzana alikuwa wa kwanza, Meneja akampa tenga la nyanya alilonunua Ilula alipokwenda kwao, tukagawana, tukaimba. Mimi nilikuwa wa nne, kati ya watu wenye umri wa mama zangu! Nilijificha nikaupiga picha ule ubao, nikaitazama njia nzima. Kusifiwa kwa maandishi ni kutamu jamani. Asiyewaambia hivyo anawadanganya. Kwa mwezi ule tulifanya kazi kama watu wanaokimbizwa, na hatukuona ubaya wake.

Aliyekuwa wa mwisho mwezi ule alikuwa ameumwa malaria, kwa hiyo tuliona ni haki.

Mwezi wa pili Meneja aliongeza jambo. Atakayekuwa wa mwisho miezi miwili mfululizo atapumzishwa. Alilisema taratibu, neno kupumzishwa, kama vile mtu atapewa kitanda. Pale kibandani nyungo zote zilisimama.

"Katibu," Suzana aliniambia akijaribu kucheka, "mimi niandikie 'mrembo kuliko wote', yanabaki maneno mawili ya akiba."

"Mwandikie 'mdomo mrefu'," alisema Ng'washi. Ng'washi ni binti wa Kisukuma, wazazi wake walishuka na ng'ombe Usangu kabla hajazaliwa, na wakati huo alikuwa na mtoto wa miezi mitatu mgongoni. "Na wewe Atu, hiyo kalamu isikupande kichwani. Tunakuona."

Nilihesabu. Suzana tisa kwa siku, wengine nane, saba. Ng'washi sita, maana mtoto ananyonya. Mama Yusta tano, mara nyingine nne, kwa sababu ya zile ndoo za watu. Zile hazikuwa na kisanduku kwenye fomu. Nilizitafutia mahali, sikupata. Basi nikajiambia nitamlipa kwa maneno. Nilikaa na kile kisanduku chake muda mrefu kuliko vyote. Nikaandika kwa mwandiko wangu bora:

*Ana mkono mzito kuliko wote.*

Matano kamili. Nilijiona nina akili.

Ijumaa saa nane mchana Meneja akatukusanya. Akasoma kuanzia juu. Akafika chini. "Nafasi ya kumi na nne, Mama Yusta. Maoni yanasema..." akasogeza karatasi, "ana mkono mzito kuliko wote."

Wanawake wakapiga makofi. Mmoja akapiga kigelegele. "Haswaa!" alisema Ng'washi. "Hapo katibu umenena!"

Meneja akatikisa kichwa kwa huzuni. Alikuwa na huzuni kweli, nilimwona. "Mama, unasikia? Hata wenzako wanakiri kwamba uko mzito. Mimi ni kama mwanao, nisingependa. Lakini mwezi ujao ikiwa hivi tena, tutakupumzisha."

Makofi yalikatika kama redio iliyoisha betri.

Wadogo zangu, pale ndipo nilipotakiwa kusimama. Ilikuwa sentensi moja tu: Meneja, kwetu hiyo ni sifa. Watu kumi na watatu waligeuka kunitazama mimi, maana maneno yalikuwa yangu. Nikatazama ndala zangu. Moja ilikuwa imekatika kamba nikaifunga kwa waya, nikausoma ule waya kama mtihani. Nilisikia Meneja anakunja karatasi. Nilisikia anatoka.

Na wengine hawakusema. Nimewawazia sana. Walikuwa na midomo, tena mirefu. Nadhani kila mmoja alikuwa anashukuru moyoni kwamba siyo yeye, kama mimi.

Nilimfuata Mama Yusta kwenye bomba. "Mama, mimi niliandika..."

"Najua ulichoandika."

"Nenda umwambie, mama. Wewe atakusikiliza."

"Mimi nikajisifie kwa mtoto? Nikamwambie baba, mimi ni mzuri?" Akafunga bomba kwa nguvu. "Kachambue."

Mwezi uliofuata sipendi kuusoma kwenye daftari. Hakuna aliyemletea tena ndoo aipitishie kiganja, kwa sababu kupanga foleni ni kupoteza muda. Watu waliwahi alfajiri kugombea mchele uliotoka kwenye mpunga mkavu, wenye chenga chache. Ungo mzuri wa Suzana ulifichwa, ukakutwa nyuma ya choo. Niliona mtu anamimina ndoo haijachambuliwa hata nusu, juu kaweka safi, akanitazama usoni. Nikaandika moja. Mtoto wa Ng'washi alilia mpaka sauti ikakauka, na mwezi mmoja nyuma angeshabebwa na mtu. Kelele za utani ziliisha. Kulibaki kuitwa "Ndoo! Ndoo!" tu, na kila anayeita ananitazama kama nimeandika.

Mama Yusta naye alijaribu kukimbia. Nilikuwa karibu naye siku hiyo, Jumanne. Kiganja chake kilipita, kikasimama. Nikaliona na mimi, jiwe jeupe, dogo. Akalitazama. Kisha mkono ukaendelea, akalimimina jiwe pamoja na mchele kwenye ndoo.

Sijawahi kuona kitu kilichonitisha vile pale kazini, hata siku mkanda wa mashine ulipokatika. Nilisahau kuandika. Alikaa kidogo, mikono juu ya magoti. Halafu akainuka, akaimwaga ndoo nzima kwenye ungo, akaanza upya kutoka punje ya kwanza. Ndoo ile ilimlia saa nzima. Siku hiyo alipata tatu.

Ikafika Alhamisi ya mwisho. Fomu iko mapajani mwangu nyumbani kwa shangazi, nahesabu. Mama Yusta wa mwisho. Nikafikiria kumwongezea ndoo. Nikimwongezea ishirini, wa mwisho anakuwa Ng'washi. Nikimwongezea Ng'washi, anakuwa yule aliyeumwa malaria. Ningewaongezea wote mpaka juu na bado ubao ungemtaka mtu. Nafasi ya kumi na nne ilikuwa pale kabla hatujafanya kazi, na ingekuwa pale hata tungekuwa malaika.

Basi nikachukua kifutio, nikafuta za kwangu. Nilikuwa na saba kwa siku. Nikaandika tatu.

Kesho yake asubuhi Meneja aliniita ofisini. Fomu iko mezani, ameishika kwenye mwanga wa dirisha, alama za kifutio zinaonekana kama mabaka ya mba.

"Atupele, kaa. Hizi ni zako?"

"Ndiyo."

"Mwezi uliopita ulikuwa wa tano. Umeumwa?"

"Hapana."

"Umefuta?"

Alisubiri. Yule mtu anajua kusubiri, ndicho kitu kibaya zaidi. Nikasikia sauti yangu inatoka, nyembamba kama ya mtu wa chumba cha pili.

"Mkono mzito siyo uvivu."

"Nini?"

"Kwetu siyo uvivu. Ni mkono unaosimama penye jiwe. Niliandika kumsifia. Wale walikuwa wanapiga makofi ya kumsifia."

Meneja aliweka fomu chini. "Siku ile ya Ijumaa ulikuwepo," alisema.

"Nilikuwepo."

"Mimi nimemwambia mama wa watu mbele ya wenzake kwamba ni mzito. Na wewe umekaa."

"Niliogopa."

"Mwezi mzima?"

"Ndiyo."

Alisugua macho. Akaniambia jina la Mama Yusta ataliondoa kwenye onyo. Akaniambia pia kwamba mtu anayeandika uongo kwenye fomu hawezi kubaki kwenye fomu, hata kama uongo ni wa kujiumiza. Nimelifikiria hilo sana na sijapata pa kumlaumu. Akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa na jasho kuliko wangu.

Nilidhani Mama Yusta atanikumbatia. Nilikuwa nimeshatayarisha na machozi. Nikamweleza pale mkekani, mbele ya wote, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuongea mbele ya watu kumi na watatu.

"Nani alikutuma?" aliuliza.

"Mama, ungepumzishwa."

"Nimekuuliza nani alikutuma unitoe kwa uongo. Miaka yote hii sijawahi kupitisha ndoo ya uongo. Leo nakaa hapa kwa namba ulizofuta?" Akausukuma ungo pembeni. "Ungesema neno moja siku ile. Moja tu, Atu. Lisingekugharimu kazi wala lisingenigharimu mimi mwezi."

Hakuna aliyemwambia basi inatosha. Nilichukua mtandio wangu. Nilipofika kwenye mlango wa mabati ndipo aliponiita, "Umeshakula?" Nikasema bado. "Nenda ukale," alisema, akarudi kwenye ungo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na ni mmoja. Siku mtakapopewa kalamu ya kuandika mwenzenu anafanyaje kazi, msomeeni yeye kwanza kwa sauti, kisha msomeeni anayeipokea fomu, kwa sauti, na mmuulize ameelewa nini. Kwa sauti. Najua ni nani anayewaambia.

Mengine nimeyapata kwa Suzana, anayenitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita sita huku Mbeya. Anasema nilipoondoka Meneja aliuliza nani atashika kalamu. Akamwuliza Suzana, ambaye mtihani wa kidato cha nne alinipita mbali. Suzana akajibu, "Meneja, mimi kuandika sijui." Akamwuliza Ng'washi. Hajui. Akazunguka mkeka mzima, wanawake kumi na watatu hakuna anayejua kuandika, na nusu yao wana vikundi vya kanisani wanakoandika mihtasari.

Meneja akaishika kalamu mwenyewe. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akihesabu. Siku ya pili alileta kiti. Ubao bado uko ukutani, Suzana anasema, na hakuna anayejua mwisho wa mwezi utasemaje, watu bado wanatazamana kwa jicho la pembeni. Ila siku ya tatu Meneja alikiacha kiti, akaja mpaka kwenye mkeka wa Mama Yusta, akachuchumaa na shati lake lililonyooka.

"Mama," alisema, "huo mkono mzito unapimwaje?"

Mama Yusta alikuwa anapepeta. Alipepeta mpaka akamaliza.

"Kunja mikono ya shati," alimwambia. "Haupimwi ukiwa umechuchumaa."